Imewaka masaa mangapi bila kuzimwa?

Nianze na video moja ya mashine ya kugeuza taka kuwa mafuta, maana ndo iliyonimaliza. Dakika mbili hivi, jamaa kavaa ovaroli safi kabisa (hapo tu ningeshtuka, ovaroli safi kwenye kiwanda cha taka?) anamimina vipande vya plastiki kwenye mdomo wa mashine, kamera inazunguka upande wa pili, kule kuna kibomba kinadondosha mafuta kwenye mtungi wa kioo, tone, tone, tone, rangi ya asali. Jamaa anauinua mtungi kwenye mwanga, anatabasamu, imeisha. Wiki hiyo hiyo nikanunua hisa. Kampuni siitaji jina, haisaidii kitu na kesi sizitaki, ila ni moja ya zile kampuni ndogo za Marekani ambazo hisa zake zinauzwa kwa senti na kila baada ya wiki mbili tatu inatoa taarifa yenye neno "mapinduzi".

Hesabu yangu ya kichwani ilikuwa tamu. Taka watu wanalipa ziondolewe, mafuta watu wanalipa wayapate, sasa mtu akikaa katikati na mashine yake si analipwa mlango wa mbele na analipwa tena mlango wa nyuma? Wenzie wanachimba mafuta baharini kwa mabilioni, yeye malighafi analetewa na pesa juu. Nikajiona nimeokota kitu ambacho dunia nzima imekipita. Kumbe dunia ilishakiokota ikakitupa, tena zaidi ya mara moja. Miaka ya 1970 Wamarekani walikimbilia hukohuko, kampuni ya kemikali ya Monsanto wakajenga Baltimore mtambo wa kuoka taka, tani 1,000 kwa siku, gesi yake ichemshe mvuke, na 1977 wakajitoa. Hilo nililijua baada ya pesa kwenda, kama ilivyo ada.

Sasa ukifuatilia mabishano ya wawekezaji kuhusu hizi kampuni utakuta kambi mbili na hazisikilizani kabisa. Waumini wanakuambia kemia imethibitishwa, taka haziishi, serikali zinalazimisha mafuta safi, na wewe unayebisha ama umelipwa na makampuni ya mafuta ama umeuza hisa za kukopa unaombea zishuke. Wapinzani wao wanasema ni utapeli toka mwanzo hadi mwisho, mafuta ya nyoka, wakurugenzi wanachapisha hisa mpya wanajilipa mishahara basi. Nilikaa kambi ya waumini karibu miaka miwili na niseme ukweli, nilikuwa mbaya, nilibishana usiku wa manane na watu nisiowajua kuhusu joto la tanuri ambalo sijawahi kulisogelea.

Aliyenitoa huko ni shemeji yangu, wala hakubishana. Yeye ni fundi wa boila, maisha yake yote ni mvuke, pampu na valvu. Nikamuonyesha video kwa mbwembwe. Akaiangalia, akairudisha mwanzo, akaangalia tena kipande kile cha kumimina plastiki.

"Shem, mafuta nimeyaona. Sasa imewaka masaa mangapi bila kuzimwa?"

Nikamwambia wameshatengeneza maelfu ya lita.

"Hizo lita sijaziuliza. Nauliza masaa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kila taarifa ya kampuni ile, kol za wawekezaji nimesikiliza zote, na jibu sina. Akacheka tu akaendelea na mambo yake, ila mie swali lile nilienda nalo kitandani.

Maana angalia, kambi zote mbili zinabishania kitu ambacho si tatizo. Kemia inafanya kazi, hilo wapinzani wakubali yaishe. Plastiki kama poliethilini ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, ndo mafuta yenyewe yaliyoungwa, ukiipasha nyuzi 400 na kitu hadi 500 bila hewa minyororo inakatika na ukipooza mvuke wake unapata mafuta, pairolisisi hiyo, mtu anaweza kuifanya kwenye chombo kidogo na ikampendeza. Njia ya pili ni kugeuza taka kuwa gesi ya kaboni monoksaidi na hidrojeni kisha kuiunga upya iwe mafuta, hiyo Wajerumani wawili Franz Fischer na Hans Tropsch waliipata 1925, Ujerumani ikaendeshea vita kwa makaa ya mawe, Sasol wa Afrika Kusini wameitumia tangu 1955. Hakuna uchawi hapo wala uongo. Ila ona, hao wote walilisha mitambo yao kitu kimoja, makaa ya mawe, kitu unachoweza kukipima leo na kesho kikawa kilekile.

Taka sio kitu kimoja. Neno lenyewe linatudanganya, tunasema "taka" kama tunavyosema "makaa" au "mahindi", kumbe ni jina la vitu vyote ambavyo mtu hakuvitaka siku hiyo. Leo limeingia godoro, kesho betri, kesho kutwa mvua imenyesha na nusu ya uzito ni maji ambayo lazima uyachemshe yaondoke kabla hujapata hata tone. Ndani ya plastiki kuna PVC, na zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, ikiungua inakutolea asidi ya haidrokloriki ndani ya mabomba yako ya chuma. Kuna kamba za nailoni zinazojisokota kwenye skrubu ya kusukumia. Kuna vioo na mchanga vinavyoyeyuka na kuganda kwenye kuta. Ndo maana shem hakuangalia mtungi, aliangalia mdomo wa mashine. Mle kwenye video plastiki ilikuwa imeoshwa, imekatwa, ya rangi moja. Hiyo si taka bana, hiyo ni bidhaa, na kuna mtu mwingine wa kurejeleza plastiki ambaye angeinunua kwa bei nzuri.

Hili la nani anamlipa nani ndo liliwaua watu wa Carthage, Missouri, na mie ile hadithi naipenda kuliko zote. Kampuni iliitwa Changing World Technologies, wakajenga mtambo jirani na kiwanda cha kuchinja bata mzinga cha Butterball, wachukue matumbo, vichwa, manyoya, mafuta na damu wavigeuze kuwa mafuta ya kuchomea kwa joto na presha, na wallahi walifanikiwa, mafuta yalitoka na yakauzwa. Lakini mpango wao uliegemea kitu kimoja cha ajabu, kwamba kwa ajili ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe Marekani itapiga marufuku kulisha mifugo mabaki ya wanyama, hivo wenye machinjio watakosa pa kuyapeleka na watalipa ili yachukuliwe. Marufuku ile haikuja kwa namna waliyoitegemea. Mabaki yakaendelea kuwa na soko kwenye chakula cha mifugo, basi badala ya kulipwa kampuni ikawa inanunua yale matumbo, dola 30 hadi 40 kwa tani! Juu yake harufu, mji mzima ukalalamika hadi gavana wa jimbo akaamuru wafunge mwishoni mwa 2005 wakarekebishe. Bei ya mafuta 2008 ikapanda hadi dola 147 kwa pipa, ungesema sasa wamepona, kabla mwaka haujaisha iko chini ya 40, na Machi 2009 wakaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika.

Yaani taka ikishapata mtu wa kuitaka inaacha kuwa taka. Sikuwahi kuona muumini akiliweka hili kwenye hesabu yake, na mie nilikuwemo. Unapojenga kiwanda kinachokula kitu bure, wewe mwenyewe ndo unakipa bei.

Tuje karibu, maana waumini huwa wanasema hayo ya zamani, teknolojia imekua. Sawa. Fulcrum BioEnergy. Hawa hawakuwa watu wa mitungi ya kioo, nyuma yao walikuwa BP, United Airlines, Cathay Pacific, watu wenye wahandisi wao wa kukagua, na mtambo wao wa Sierra ulikuwa karibu na Reno, Nevada. Mpango ulikuwa tani 175,000 za taka zilizochambuliwa kwa mwaka zitoe galoni milioni 11 za mafuta ghafi ya kutengeneza. Mabishano yake yalikuwa marefu lakini sikumbuki mtu aliyekaa akapiga hesabu hii ya darasa la saba, basi tuipige. Pipa moja ni galoni 42, kwa hiyo galoni milioni 11 ni kama mapipa 262,000. Weka dola 80 kwa pipa, unapata dola milioni 21 kwa mwaka, mtambo ukiwa umewaka vizuri mwaka mzima. Hatifungani walizouza (yaani mikopo kutoka kwa wawekezaji) zilikuwa karibu dola milioni 290. Tuseme riba asilimia 6, kwa mfano tu, hiyo ni zaidi ya milioni 17 kila mwaka riba peke yake. Inabaki milioni tatu na ushee ya kulipa wafanyakazi, umeme, oksijeni, vipuri, na deni lenyewe hujaligusa.

Mtu atasema umesahau ada ya kupokea taka, na umesahau krediti. Sijasahau. Ada inasaidia kidogo. Krediti ndo biashara yenyewe, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo panapofichwa. Chini ya sheria ya Marekani ya mafuta mbadala kila galoni inazaa krediti, yaani cheti kinachouzwa peke yake, na kuna miaka krediti ya aina hii ilipita dola 2 kwa galoni, wakati mafuta yenyewe kwa dola 80 kwa pipa ni dola 1.90. Umeona? Unadhani umenunua kampuni ya mafuta kumbe umenunua kampuni ya karatasi ya serikali ambayo mafuta ni risiti yake. Halafu krediti inahesabu ile sehemu ya taka iliyotokana na mimea tu, karatasi, mbao, mabaki ya chakula, plastiki haimo. Na plastiki ndo yenye nishati nyingi!

Desemba 2022 wakatangaza mafuta yametoka, shangwe. Baadae ikaja kujulikana yaliyokuwa yakiendelea ndani, asidi ya naitriki ilijitengeneza ikawa inakula vyuma, na kwenye tanuri la kugeuza taka kuwa gesi kuna kitu kigumu kama zege kilikuwa kinaganda. Zege! Shem nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo, alisema tu "majivu hayo". 2023 wakashindwa kutimiza masharti ya hatifungani, Septemba 2024 kufilisika. Ukilitafuta swali la shem katika zile shangwe za Desemba hulipati.

Wengine nawapitia haraka maana sitaki hii iwe matanga. Range Fuels wa Soperton, Georgia, mabaki ya mbao kuwa ethanoli, ruzuku ya dola milioni 76 na dhamana ya mkopo wa milioni 80 kutoka serikalini, wakafunga 2011 na mwaka uliofuata mtambo ukauzwa kwa dola milioni 5.1. Ineos Bio wa Vero Beach, Florida, wao walitumia bakteria kula gesi watoe ethanoli, kumbe gesi ya taka ina sianidi ndani yake na bakteria wakawa wanapewa sumu na bosi wao. Air Products kule Tees Valley, Uingereza, hawakuwa wanatengeneza mafuta hata, umeme tu kwa plazma (gesi ya joto kali mno), 2016 wakaondoka na hasara waliyoikadiria kati ya dola milioni 900 na bilioni 1. Enerkem wa Edmonton, Kanada, hawa walijitahidi kuliko wengi, walifungua 2014 wakavuta hadi 2024 ndo wakafunga. Brightmark wa Ashley, Indiana, plastiki kuwa mafuta, uwezo wa tani 100,000 kwa mwaka kwenye makaratasi, 2025 mahakamani kwa kufilisika.

Kinachoniuma ni kwamba onyo lilikuwepo siku nyingi. Mwaka 1981 taasisi ya RAND ilifanya utafiti kuhusu viwanda vya kwanza vya aina yake, kwa nini vinazidi bajeti na kwa nini havifikii uzalishaji ulioahidiwa, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba viwanda vinavyolishwa vitu yabisi vinasumbua kuliko vya maji na gesi. Vitu vya majimaji unafungua valvu vinatembea vyenyewe. Yabisi inakwama, inajaa, inajenga daraja juu ya tundu. Fundi wa boila anajua hilo bila kusoma ripoti, mie mwenye kompyuta na intaneti sikujua.

Haya, niwape waumini haki yao pia, maana wana hoja moja nzuri na wapinzani huwa wanaikwepa. Wanasema kila teknolojia ilianza kwa kufeli, angalia paneli za sola, zilikuwa ghali hadi zikawa bei ya kutupwa. Ni kweli. Ila paneli unatengeneza milioni, kila moja ni nafasi ya kujifunza, ukikosea elfu za kwanza unarekebisha mashine kesho asubuhi. Mtambo wa taka unajenga mmoja, miaka minne, dola milioni mia kadhaa, ukikosea bomba la kwanza hujabakiwa na pesa ya kujenga wa pili. Nani atajifunza? Anayenunua mabaki ya mtambo kwenye mnada labda. Na sheria haikuondolei jasho hilo. Marekani 2007 iliandika kwenye sheria kwamba ifikapo 2022 kuwe na galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi (yaani ya mbao, majani na mabaki ya mimea) kwa mwaka, lengo la 2010 lilikuwa galoni milioni 100, ikabidi lishushwe hadi milioni 6.5, na hata hizo hazikuwepo. Sasa Ulaya nao wameandika mafuta ya ndege yachanganywe na yale endelevu asilimia 2 mwaka 2025, 6 mwaka 2030, 70 mwaka 2050, na waumini wanazisoma zile namba kama oda zilizolipiwa.

Na wapo waliopata pesa, tusidanganyane. Neste wa Finlandi, wale wa Diamond Green Diesel kule Louisiana na Texas, wanachukua mafuta yaliyokwishakaangiwa na shahamu za machinjioni wanatengeneza dizeli. Taka hizo, au zilikuwa taka. Lakini angalia wanachokifanya: ni kitu cha majimaji, kinapita kwenye pampu, tayari kina umbo karibu na dizeli, kinaongezwa hidrojeni kwa mitambo ambayo viwanda vya kusafishia mafuta vinaijua miaka na miaka. Na hata wao ugonjwa wa Carthage umewafuata, mafuta ya kukaangia yaliyokuwa yanamwagwa sasa yana bei, hadi kuna wasiwasi kwamba mafuta mabichi ya mawese yanapewa jina la "yaliyotumika" yapate krediti. Wengine ni wale wa madampo, Waste Management na Republic, wanafukia taka kama kawaida wanavuta gesi inayotoka yenyewe chini wanaisafisha wanauza. Haina video nzuri. Bomba limechomekwa kwenye kilima cha majani, basi.

Kuhusu pesa yangu. Baada ya swali la shem nilirudi kwenye ripoti za kampuni, kuanzia ile ya kwanza, nikawa natafuta neno "masaa". Nikapata "mafanikio makubwa", nikapata "operesheni za kibiashara", nikapata lita, nikapata picha ya mwenyekiti akikata utepe. Masaa sikuyapata, kilichokaribia ni maelezo ya chini ya hesabu za robo mwaka, kwamba mtambo ulisimamishwa kwa ajili ya "maboresho ya sehemu ya kulishia". Robo iliyofuata maneno yaleyale, robo iliyofuata tena. Idadi ya hisa wakati huo ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili toka ninunue. Nikawaandikia barua pepe kistaarabu kabisa, nikauliza mtambo umewaka muda gani mrefu zaidi bila kusimama. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: wanafurahishwa na maendeleo na wananishukuru kwa kuendelea kuwaunga mkono.

Sikuuza. Hii ndo sehemu ya aibu, nilijua na sikuuza, nikajiambia ikirudi bei niliyonunulia tu natoka. Siku hizi alama yake sokoni imeongezewa herufi Q mwishoni, ile wanayoiweka kampuni ikishafilisika, na mie hisa zangu bado zipo kwenye akaunti, zinaonyesha sifuri nukta sifuri sifuri na namba fulani mbele huko.

Juzi shem kanitumia video mwenyewe, kampuni nyingine, safari hii ni matairi. Hakuandika kitu chini yake. Sekunde arobaini, mafuta yanadondoka kwenye chupa, rangi ya asali. Nimeiangalia mara tatu nikitafuta nyuma ya yule jamaa mahali tairi linapoingilia. Kuna pazia la plastiki limening'inizwa hapo.